Mosi-oa-Tunya: Ujue mwezi wa maji kabla ya kukata tiketi

MAPOROMOKO ya maji ya Victoria, yaliyoko katika Mto Zambezi kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, ni miongoni mwa vivutio vya utalii vinavyotajwa sana barani Afrika. Jina la wenyeji ni Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Morogoro au Mbeya, hiki ni kivutio cha hadhi ya dunia kinachofikika kwa barabara, bila kulazimika kupanda ndege.

Hata hivyo, wapo wasafiri wanaodunduliza fedha kwa mwaka mzima, kisha wakafika huko mwezi Novemba na kukuta upande waliouchagua umebaki ukuta wa mwamba mkavu. Wapo pia wanaofika Aprili, mto ukiwa umefurika, wakarejea wamelowa chapachapa bila kuiona ng'ambo ya korongo. Wote hao hulipa nauli na ada kama wengine. Kinachowatofautisha na wale wanaorudi wameridhika ni kalenda ya mto, na ndiyo inayopaswa kutazamwa kabla ya kuomba likizo na kukata tiketi.

Ukubwa wake

Maporomoko hayo yana upana wa mita 1,708, na sehemu yenye kina kikubwa zaidi hufikia mita 108. Kwa kimo pekee yapo maporomoko yanayoyazidi. Maporomoko ya Kalambo, yaliyoko mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Rukwa, huanguka kwa zaidi ya mita 200. Sifa ya Victoria inatokana na upana huo kuambatana na kimo, kiasi kwamba mto mzima huanguka kama pazia moja ndani ya ufa mwembamba wa mwamba.

Ufa huo ndio unaoyafanya maporomoko haya kuwa tofauti. Maji hayaangukii katika bonde la wazi, bali huingia katika korongo lenye kuta wima, kisha hutoka kupitia mwanya mmoja ambao upana wake ni takriban mita 110. Kutokana na msukumo huo, manyunyu hurushwa juu mithili ya moshi, na msimu wa maji mengi huonekana umbali wa zaidi ya kilometa 20. Manyunyu hayo hulowesha ukingo wa pili mwaka mzima au karibu mwaka mzima, ndiyo maana ukingo huo umeota msitu wa kijani katika eneo ambalo pembeni yake ni nyika kavu.

Mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, David Livingstone, alifikishwa hapo na wenyeji wa Kimakololo Novemba 16, 1855, akayapa jina la Malkia Victoria wa Uingereza. Watanzania wanamfahamu zaidi kwa habari za Ujiji, alikokutana na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake, wakiwamo Chuma na Susi, waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliyaingiza maporomoko hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1989, kwa majina yote mawili.

Kalenda ya mto

Msafiri wa Afrika Mashariki amezoea kuamini kwamba mvua ikinyesha, mito hujaa siku hiyo hiyo. Zambezi haiendi hivyo. Mto huo huanzia kaskazini magharibi mwa Zambia, ukaingia Angola na kurudi tena Zambia. Mvua za huko hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi. Kabla ya kufika Victoria, maji hayo hupita katika mbuga tambarare ya Barotse, ambako husambaa na kutulia kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu mafuriko hufika kwenye maporomoko wakati mvua zenyewe zimekwisha au zinaelekea ukingoni.

Kutokana na hali hiyo, mwaka wa mtalii unaweza kugawanywa katika vipindi vinne.

Kipindi cha kwanza ni Machi hadi Mei, ambacho kilele chake huwa Aprili katika miaka mingi. Mto huwa na maji mengi kuliko wakati mwingine wowote, na ngurumo husikika kutoka mbali. Anayetaka kuuhisi uzito wa maji kifuani asikose miezi hii. Anayetaka picha, hata hivyo, atasikitika, kwa kuwa katika sehemu nyingi manyunyu hufunika kila kitu, na mgeni husimama katika mvua inayotoka chini kwenda juu.

Kipindi cha pili ni Juni hadi Agosti. Maji bado ni mengi, manyunyu yamepungua, anga ni safi na pande zote mbili huonekana vizuri. Usiku na asubuhi huwa na baridi, lakini mchana hali ya hewa hupendeza. Kwa familia inayokwenda mara moja katika maisha yake, huu ndio wakati usio na hasara. Aidha, unakwenda sambamba na likizo ya shule ya katikati ya mwaka nchini Tanzania.

Kipindi cha tatu ni Septemba hadi Desemba. Joto hupanda, hasa Oktoba, na maji hushuka hadi kiwango cha chini kabisa, kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba. Upande wa Zambia, sehemu kubwa ya ukuta wa mashariki hubaki mwamba mtupu. Faida yake ni kwamba umbo la korongo huonekana lote, na kingo ambazo Aprili hazifikiki huweza kukanyagwa kwa kuongozwa.

Kipindi cha nne ni Januari na Februari, mto unapoanza kujaa tena. Mvua za hapo hapo hunyesha mara kwa mara, na mbu huongezeka.

Jambo la kuzingatiwa na wazazi ni kwamba likizo ndefu ya Desemba, ambayo familia nyingi huipendelea kwa safari, huangukia katika kipindi cha maji machache. Si sababu ya kuahirisha safari, ila ni sababu ya kuchagua upande kwa makini.

Funzo la mwaka 2019

Kalenda hiyo ni ya wastani, na mto huweza kuivunja. Mwaka 2019, baada ya ukame mkali kusini mwa Afrika, picha za kuta kavu za Victoria zilisambaa duniani, na wengi wakaamini kwamba maporomoko yamekauka. Ukweli ni kwamba picha nyingi zilionyesha upande wa mashariki, ambao hupungukiwa maji kila mwaka. Upande wa magharibi, ulioko Zimbabwe, maji yaliendelea kuanguka, ingawa kwa kiwango cha chini mno.

Sababu za tofauti hiyo ni mbili. Kwanza, mwamba wa upande wa mashariki umeinuka zaidi, hivyo maji yanapopungua hukimbilia magharibi, ambako ukingo uko chini. Pili, sehemu ya maji huchepushwa upande wa Zambia kwenda kwenye kituo cha umeme wa maji chenye uwezo wa megawati 108 kilichojengwa ndani ya korongo.

Kwa bahati nzuri, msafiri hahitaji kubahatisha. Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo cha pamoja cha Zambia na Zimbabwe kilichoundwa mwaka 1987, hupima mtiririko wa maji hapo Victoria na kutangaza takwimu zake kwenye tovuti yake, kwa kipimo cha meta za ujazo kwa sekunde. Katika mwaka wa kawaida takwimu hiyo huwa mamia machache mwishoni mwa kiangazi na kufikia maelfu wakati wa mafuriko. Kuitazama takwimu hiyo wiki chache kabla ya safari, na kuilinganisha na ya mwaka uliotangulia, ni kazi ya dakika chache.

Upande upi?

Swali la pili baada ya mwezi ni upande wa mto. Zimbabwe ina njia ya miguu inayopita ndani ya msitu wa manyunyu, ikitazamana na sehemu kubwa ya pazia la maji, kuanzia mkondo unaoitwa Devil's Cataract hadi karibu na mpaka. Hapo ndipo panapopatikana picha zinazojulikana duniani. Mji wa Victoria Falls uko karibu kiasi kwamba mgeni anaweza kutembea kwa miguu hadi langoni.

Zambia haina mandhari mapana kiasi hicho, lakini humfikisha mgeni karibu zaidi na maji. Lipo daraja jembamba la waenda kwa miguu, Knife-Edge Bridge, linalovuka mbele ya maporomoko, na ipo njia ya kuteremka hadi chini kwenye Boiling Pot, mahali maji yanapozunguka kama chungu kinachochemka. Mji wa Livingstone uko takriban kilometa 10 kutoka kwenye maporomoko. Humo mna Jumba la Makumbusho la Livingstone, lililoanzishwa mwaka 1934, ambalo ni la zamani kuliko yote nchini Zambia.

Kwa ufupi, anayekwenda kati ya Machi na Agosti anaweza kutosheka na upande wowote, na akiona pande zote mbili atafaidi zaidi. Anayekwenda kati ya Septemba na Desemba ahakikishe anavuka kwenda Zimbabwe. Kubaki Zambia pekee katika miezi hiyo ndiko kunakowarudisha wengi nyumbani wakinung'unika.

Kuvuka si kazi kubwa. Daraja la Victoria Falls, lililofunguliwa mwaka 1905 na ambalo liko mita 128 juu ya maji, huunganisha nchi hizo mbili, na watu huvuka kwa miguu baada ya kugonga mihuri uhamiaji. Kutoka juu ya daraja hilo korongo huonekana vyema, na wenye moyo mgumu huruka wakiwa wamefungwa kamba ya mpira miguuni.

Safari kutoka Dar es Salaam

Njia ya gharama nafuu ni basi. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Lusaka hupita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili kupunguza foleni. Safari nzima ni ya takriban kilometa 1,900, na mtu huwa barabarani kwa zaidi ya saa 24. Kutoka Lusaka hadi Livingstone zipo kilometa zipatazo 480, ambazo basi huzimaliza kwa saa sita hadi nane. Ni busara kulala Lusaka usiku mmoja, kwani kuunganisha mabasi bila kupumzika humfikisha msafiri akiwa hoi.

Njia ya pili ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Reli hiyo yenye urefu wa kilometa 1,860 huanzia Dar es Salaam na kuishia New Kapiri Mposhi, kaskazini mwa Lusaka, ambako abiria hulazimika kuendelea kwa basi. Mandhari yake, hasa kati ya Mlimba na Makambako, ni kivutio kinachojitegemea. Pamoja na hayo, huduma ya abiria imekuwa ikikumbwa na ucheleweshaji na kusimama kwa vipindi, na mwaka 2025 yalisainiwa makubaliano na kampuni ya China ya kuikarabati reli hiyo. Kwa sababu hiyo, mwenye likizo ya siku chache asiingize treni katika ratiba kabla ya kupata uthibitisho kutoka kituoni kwamba inasafiri, na siku gani.

Njia ya tatu ni ndege. Pande zote mbili zina viwanja vya kimataifa, kimoja Livingstone na kingine Victoria Falls. Mwenye siku nne tu za mapumziko hana njia nyingine.

Hati, fedha na saa

Pasipoti ni lazima, na ni vema iwe na muda usiopungua miezi sita kabla ya kwisha pamoja na kurasa tupu za kutosha, kwa kuwa kila kuvuka daraja huongeza mihuri. Raia wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakiingia Zambia na Zimbabwe kwa matembezi bila viza. Kwa wageni wa mataifa yanayohitaji viza, nchi hizo mbili zilianzisha mwaka 2014 viza ya pamoja iitwayo KAZA, ambayo humruhusu mwenye nayo kuvuka pande zote mbili bila kulipia kila mara. Anayesafiri na mgeni kutoka Ulaya au Marekani aulizie viza hiyo mapema, kwani masharti ya uhamiaji hubadilika na ubalozi ndio wenye kauli ya mwisho.

Kuhusu fedha, Zambia hutumia kwacha. Zimbabwe ilianzisha sarafu mpya ya ZiG Aprili 2024, lakini dola ya Marekani imeendelea kutumika kwa mapana katika shughuli za utalii. Shilingi ya Tanzania ni vigumu kuibadilisha ukishaondoka mpakani. Inashauriwa kubeba dola za noti ndogo ndogo, zisizochanika wala kuchakaa, na kubadilisha fedha benki au katika maduka yenye leseni badala ya mikononi mwa vijana wa mpakani.

Ada za kuingia hutofautiana kati ya raia, wakazi wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na wageni wengine upande wa Zimbabwe. Tanzania ni mwanachama wa SADC, hivyo Mtanzania aonyeshe pasipoti langoni kabla ya kulipa, vinginevyo anaweza kutozwa kiwango cha juu. Tofauti hiyo kwa familia ya watu wanne si ndogo.

Saa za Zambia na Zimbabwe ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Asiyerekebisha saa yake anaweza kukosea muda wa basi au wa kufungwa kwa lango.

Afya na usalama

Eneo hilo lina malaria, hasa msimu wa mvua. Msafiri apate ushauri wa daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka, na abebe dawa ya kufukuza mbu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti, kwani maofisa wa afya mpakani huweza kuidai kwa wanaotoka au kupita katika nchi zenye ugonjwa huo.

Katika miezi ya maji mengi, koti la mvua na mfuko wa plastiki wa kufunika simu na kamera si anasa. Viatu viwe vya soli isiyoteleza, maana mawe ya njiani huota ukoka na utelezi, na sehemu nyingine za ukingo hazina uzio. Watoto washikwe mkono wakati wote.

Nyani wa hapo wamezoea watu na hupora mifuko yenye chakula. Tembo huvuka barabara kati ya mji na maporomoko, hivyo kutembea kwa miguu baada ya jua kuzama hakushauriwi. Juu ya maporomoko mto una viboko na mamba, na hakuna mahali pa kuoga kwa kujiamulia. Bwawa maarufu la ukingoni, Devil's Pool, huingiwa tu wakati maji yamepungua, na kwa kuongozwa na watu wenye kibali.

Ratiba ya siku tisa

Kwa anayesafiri kwa basi, siku tisa zinatosha bila kukimbizana. Siku mbili za kwanza ni za barabarani hadi Lusaka, na siku ya tatu ni ya kwenda Livingstone. Siku ya nne iwe ya upande wa Zambia na makumbusho, na ya tano ya kuvuka daraja kwenda Zimbabwe tangu asubuhi. Siku ya sita ibaki wazi, kwa ajili ya matembezi ya boti jioni au kurudia upande uliopendeza zaidi. Siku tatu za mwisho ni za kurejea.

Wenye kuweza kuchagua tarehe waangalie pia mwezi. Usiku wa mwezi mpevu katika miezi ya maji mengi, mwanga wake hupenya manyunyu na kutengeneza upinde wa mvua wa usiku, na hifadhi hufunguliwa kwa saa chache ili wageni wauone. Tiketi za usiku huo huuzwa kwa utaratibu maalumu, kwa hiyo ziulizwe mapema.

Mpangilio wa maandalizi, kwa hiyo, uwe huu: kwanza takwimu za mto, pili upande wa kutembelea, tatu tarehe za likizo, na mwisho tiketi. Wengi huanza na tiketi kwa sababu ndiyo inayouma mfukoni. Lakini nauli ya kwenda kutazama maji ni ile ile, yawepo au yasiwepo.